Mwongozo Kamili: Kuandaa Njia ya Pili ya Mzigo, Safari na Taarifa kwa Mfanyabiashara wa Dodoma

Wafanyabiashara wengi wa Dodoma wanaoagiza bidhaa nje ya nchi wameshaandika mpango wa dharura, aghalabu kwa sababu benki au kampuni ya bima iliudai, na mipango hiyo inashindwa kwa namna ileile. Kwenye karatasi kuna njia ya kwanza na njia ya pili. Siku ya tatizo inapofika, hubainika kwamba njia zote mbili zilikuwa zinapita mahali pamoja, na mahali hapo ndipo palipofungwa. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja tu: kuandaa njia ya pili itakayobaki wazi pale ya kwanza inapokatika, iwe ni njia ya mzigo, ya safari au ya taarifa.

Mfano nitakaoutumia ni wa duka la vifaa vya maji lililoko Kizota, linalowauzia wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, ambalo huagiza pampu kutoka China na vifaa vya umwagiliaji wa matone kutoka Uturuki. Takwimu za mauzo katika mfano huu ni za kufundishia hesabu. Mahali pake weka za kwako.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari gumu la kaunta na kalamu. Mpango unaosomeka kwenye kompyuta pekee hautasomeka umeme na intaneti vikikosekana kwa pamoja.
- Nyaraka zote za mizigo mitatu ya mwisho iliyokufikia: ankara ya muuzaji, orodha ya vifungashio, hati ya shehena (bill of lading), nyaraka za forodha, stakabadhi za bandari na za lori.
- Mkataba wa bima ya mzigo ukiwa na masharti yake yote. Cheti cha ukurasa mmoja hakitoshi.
- Ramani ya Tanzania inayoonyesha barabara na reli, kubwa ya kutosha kuchorwa kwa kalamu.
- Laini za simu za kampuni mbili tofauti, simu ndogo ya vitufe, na pawabenki iliyojaa chaji.
- Diski mbili za nje za kuhifadhia taarifa.
- Siku moja isiyo na wateja, ukiwa na mtu wa stoo na mtu wa fedha mezani. Usiifanye kazi hii peke yako, kwa kuwa mwenye duka hujua bei na faida, lakini mtu wa stoo ndiye anayejua lori lilikwama wapi.

## Hatua ya 1: Andika safari nzima ya kila kitu

Anza na mizigo mitatu uliyokusanyia nyaraka. Kwa kila mzigo, andika kuanzia kiwandani hadi kwenye rafu ya duka lako kila mahali ulipobadilisha mikono, uliposimama au uliposubiri karatasi, na uweke tarehe. Zitoe tarehe kwenye nyaraka, usizitoe kichwani; kumbukumbu huhifadhi mzigo uliokuja vizuri na kusahau wiki mzigo ulizolala bandarini ukingoja cheti kimoja.

Kisha fanya hivyo kwa mambo mengine matatu. Kwa fedha, andika benki yako, benki ya kati inayopitisha dola, na benki ya muuzaji. Kwa taarifa, andika mahali vitabu vyako vya hesabu vilipohifadhiwa, anayekupa intaneti, na mahali barua pepe zako zinapokaa. Kwa safari, andika unavyotoka Dodoma hadi Dar es Salaam, uwanja unaobadilishia ndege, na unakoishia.

Hatua hii imekamilika pale ambapo kila mstari una jina la mahali, jina la kampuni inayohusika, na idadi ya siku: chache kabisa na nyingi kabisa zilizowahi kutokea. Mstari wenye neno “kawaida” badala ya namba, urudie.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali njia zako zinapokutana

Hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa hiyo usiwe na haraka. Swali la kuuliza kwa kila jozi ya njia ni hili: ni mahali gani pamoja ambapo pakifungwa, zote mbili zinakufa?

Baharini. Mzigo wa China unaokuja Dar es Salaam hupita kwa kawaida kwenye Mlango-bahari wa Malaka na kuvuka Bahari ya Hindi. Hauhitaji Mfereji wa Suez. Mzigo wa Uturuki unatoka Mediterania, na njia yake fupi ni Suez, Bahari ya Shamu na mlango-bahari wa Bab el-Mandeb. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, vifaa vya Uturuki ndivyo vilivyokuwa kwenye foleni, na si pampu za China. Tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli za biashara, kampuni kubwa za meli zilihamia njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, inayoongeza takriban siku 10 hadi 14 kati ya Asia na Ulaya.

Hata hivyo, usidhani kwamba mzigo wa China ulisalimika kabisa. Meli zinapozunguka Afrika nzima, meli na makontena vinakaa safarini muda mrefu zaidi, vinapungua sokoni, na nauli inapanda hata kwenye njia zisizoguswa na mapigano, kama ilivyotokea mwaka 2024. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza njia imefungwa au la, uliza pia meli na makontena yanayokuhudumia yanatumika kwenye njia zipi nyingine.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaliulizi: kontena lako linashushwa wapi katikati ya safari ili kupakiwa meli nyingine? Baadhi ya wafanyabiashara hufikiri kwamba kununua bidhaa ileile ya China kupitia Dubai kunawapa njia ya pili. Bandari ya Jebel Ali iko ndani ya Ghuba, na meli inayoingia au kutoka humo lazima ipite Mlango-bahari wa Hormuz. Ukinunua huko umeongeza mahali pengine pa kukwamia, ilhali mzigo bado umetoka kiwanda kilekile.

Barabara na reli. Weka ramani mezani uchore. Lori la Dar es Salaam linakuja kupitia Chalinze, Morogoro, Gairo na Kibaigwa. Kampuni mbili za malori ni dawa ya mgomo wa madereva au kuharibika kwa gari. Kwa daraja lililosombwa na mafuriko haziongezi kitu, kwa sababu zote zitasimama kwenye foleni moja.

Reli inahitaji uangalifu zaidi. Reli ya zamani na SGR, yaani reli mpya ya kisasa, zote zinapita Kilosa, Kidete na Gulwe. Katika eneo hilo mafuriko yameikata reli ya zamani mara nyingi, na mafuriko ya Kilosa ya msimu wa mvua wa 2009 na 2010 yalikuwa makubwa mno. SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024 na mizigo mwaka 2025, imejengwa kwa madaraja na mahandaki na kwa maoni yangu ni imara kuliko ile ya zamani, lakini inatumia umeme, hivyo gridi ya taifa nayo iandike kwenye orodha ya mahali pa kuangalia.

Sasa angalia njia mbadala. Morogoro, Mikumi, Iringa na Mtera hadi Dodoma ni lami na ni njia nzuri, lakini inakufaa tu ikiwa palipokatika ni kati ya Morogoro na Dodoma. Pakikatika kati ya Chalinze na Morogoro, haikusaidii. Njia isiyogusa Morogoro kabisa ni ya kaskazini: bandari ya Tanga, Segera, Moshi, Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma. Ni ndefu na ni ghali, na meli za makontena zinazokwenda Tanga ni chache kuliko za Dar es Salaam. Ukiamua kutumia Mombasa kupitia Holili au Namanga, utaungana na barabara hiyohiyo ya Arusha, na utahitaji wakala wa forodha mwenye uzoefu wa Mombasa ambaye mmeshazungumza naye kabla ya tatizo.

Onyo: usikubali kamwe kutumia njia za panya kwa kisingizio cha dharura. Mzigo usio na nyaraka za forodha unaweza kutaifishwa, na bima haitakulipa.

Taarifa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini (nyaya kuu za intaneti zinazopita chini ya bahari), EASSy na Seacom, ilikatika kwa pamoja, na intaneti ikadorora karibu nchi nzima. Watu wenye laini za kampuni mbili walihama kutoka moja kwenda nyingine bila mafanikio, kwa sababu kampuni zote mbili zilitegemea mikongo hiyohiyo. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikosekana nchini kwa siku kadhaa, na hapo hata mkongo wa tatu usingesaidia.

Matukio hayo mawili yanaonyesha kwamba kukosa intaneti kuna viwango, na kila kiwango kina tiba yake. Ikiwa nyaya za mtaani zimekatwa na wachimba barabara, laini ya simu inatosha. Ikiwa mitambo ya kampuni moja imeharibika, laini ya kampuni ya pili inatosha. Ikiwa mikongo ya baharini imekatika, huduma zilizohifadhiwa ndani ya nchi zinaweza kuendelea, kwa kuwa kampuni za hapa hubadilishana mawasiliano zenyewe kwa zenyewe jijini Dar es Salaam bila kutoka nje. Ikiwa intaneti yote haipo, kinachobaki ni karatasi, sauti ya simu na miguu.

Mwandikie kila anayekuuzia intaneti umuulize: mawasiliano yangu ya nje ya nchi yanapita mkongo gani, na ukikatika yanahamia wapi? Mkongo wa Taifa umeunganishwa na Kenya kwa nchi kavu, kwa hiyo mtoa huduma makini anaweza kukujibu kwa majina. Anayekujibu kwamba “tuna mifumo ya kisasa” hajajibu.

VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia iliyofichwa, haiunganishi mkongo uliokatika, na matumizi yake nchini yanapaswa kutolewa taarifa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Vifaa vya setilaiti pia usivinunue kabla ya kuhakikisha kwamba mtoa huduma ana leseni.

Safari. Dar es Salaam hadi Guangzhou kupitia Doha na Dar es Salaam hadi Guangzhou kupitia Dubai zinaonekana kuwa njia mbili. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa kwa sababu ya shambulio la makombora, na nchi jirani za Ghuba nazo zikafunga. Njia ya pili iliyo tofauti kweli ni ile ya Addis Ababa, au nyingine isiyogusa Ghuba. Na tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya CrowdStrike lilizima takriban kompyuta milioni 8.5 duniani na safari nyingi za ndege zikafutwa, bila kujali zilikuwa zinapita wapi. Kwa tatizo la namna hiyo hakuna njia ya pili, kuna siku za ziada tu.

Fedha. Uhaba wa dola uliotusumbua mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulizikumba benki zote, kwa hiyo akaunti katika benki ya pili ni kinga ya mtambo kuharibika na haikuhakikishii dola. Zungumza na muuzaji mapema kuhusu kulipwa kwa sarafu nyingine, mathalani yuan, na uiulize benki yako kama inaweza.

Umefanikiwa hatua hii ikiwa ramani yako ina miduara myekundu kwenye kila mahali pa kukutana, na kando ya kila mduara umeandika ama njia isiyopita hapo, ama maneno “hakuna njia ya pili”. Maneno hayo si aibu. Yanakuambia kwamba hapo unahitaji akiba, na akiba ndiyo hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya akiba

Chukua bidhaa moja. Duka letu linauza pampu 2 kwa siku. Mzigo huchukua siku 60 kwa kawaida, na mbaya zaidi iliyowahi kutokea ni siku 95. Anayeagiza upya anapobakiwa na pampu 120 anategemea bahati. Anayetaka kutokosa ataagiza anapobakiwa na 190. Tofauti ni pampu 70. Kila moja ikigharimu shilingi 400,000, ni shilingi milioni 28 zilizolala stoo.

Fedha hizo ni nyingi, na ndiyo maana huwezi kulinda kila kitu. Panga bidhaa zako kwa kuuliza: mteja akikosa hii leo, ni nini kinatokea? Bomba la plastiki atalipata duka la jirani, tena limetengenezwa nchini. Pampu nzima anaweza kuisubiri wiki moja. Lakini sili ya pampu, kipande kidogo cha mpira kinachoenea kiganjani, ikikosekana pampu yote imesimama na mizabibu inanyauka shambani mbele ya macho ya mwenyewe. Kipande hicho hakigharimu kitu kikubwa wala hakichukui nafasi. Nunua cha mwaka mzima. Kwa kawaida vitu vidogo vinavyosimamisha mtambo mkubwa ndivyo vinavyostahili akiba kubwa kuliko vyote, na ndivyo ninavyoviona vikisahauliwa katika mipango mingi.

Zingatia pia msimu. Mvua za Dodoma huanza takriban Desemba na kuendelea hadi Aprili, na ndicho kipindi barabara na reli za ukanda huu zinapokatika. Wateja wako wa umwagiliaji wananunua zaidi kiangazi. Ukipanga mzigo mkubwa uingie kabla ya mvua au mara tu baada yake, umepunguza hatari bila kutumia hata shilingi.

Umefanikiwa ikiwa kila bidhaa muhimu ina namba ya kuagiza upya, imeandikwa kwenye rafu yake, na mtu wa stoo anaijua bila kukupigia simu.

## Hatua ya 4: Soma bima yako neno kwa neno

Sheria inataka mzigo unaoingia Tanzania ukatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, kwa hiyo huna sababu ya kutegemea bima ya muuzaji. Ukinunua kwa masharti ya CIF, yaani bei inayojumuisha bidhaa, bima na nauli ya meli, wajibu wa muuzaji ni kukata bima ya kiwango cha chini kabisa, yaani masharti ya kundi C, ambayo hayalipi wizi wala uharibifu mwingi wa kawaida. Kundi A ndilo pana.

Hata kundi A lina mambo matatu ya kukagua. Kwanza, hasara inayotokana na kuchelewa hailipwi, hata kama kilichosababisha kuchelewa kinalipwa. Pili, vita na migomo viko nje mpaka uviongeze na kuvilipia. Tatu, angalia bima inaishia wapi: bandarini, au stoo yako ya Kizota? Mkoa wa kati uko mbali na bahari, na kilomita zaidi ya 400 za lami bila bima ni hatari kubwa.

Uliza pia kuhusu mgawanyo wa hasara ya pamoja. Meli ikipata janga na mwenye meli akatangaza mgawanyo huo, wenye mizigo wote huchangia gharama za kuiokoa, hata yule ambaye kontena lake halikuguswa. Mmiliki wa Ever Given alifanya hivyo. Asiye na bima huweka dhamana ya fedha kutoka mfukoni ndipo aachiwe mzigo.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kumweleza mshika fedha wako, bila kusoma popote, mambo ambayo bima yako hailipi.

## Hatua ya 5: Tanguliza nyaraka kabla ya meli

Meli inaweza kuchelewa bila wewe kuwa na la kufanya. Karatasi ikichelewa, mara nyingi ungeweza kuizuia.

Hati ya shehena ya asili hutolewa kwa kawaida nakala tatu, na moja inatosha kuchukulia mzigo. Ikitumwa kwa ndege na ndege zikasimama, kontena linafika huku karatasi iko njiani. Kwa muuzaji mnayeaminiana, kubalianeni mzigo uachiwe kwa njia ya kielektroniki bila karatasi ya asili. Kwa muuzaji mgeni usikimbilie hilo, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo inayomlinda kila mmoja wenu dhidi ya mwenzake.

Mwombe muuzaji rasimu ya ankara, orodha ya vifungashio na hati ya shehena kabla meli haijang’oa nanga, na ulinganishe jina la kampuni, TIN, idadi na uzito, herufi kwa herufi. Bidhaa zinazohitaji cheti cha ukaguzi wa TBS (Shirika la Viwango) nje ya nchi zikaguliwe kabla ya kupakiwa. Wakala wako wa forodha anaweza kuwasilisha nyaraka kabla ya meli kufika. Mpe wiki mbili.

Kumbuka kwamba bandari inatoza kuhifadhi mzigo na kampuni ya meli inatoza kukawia na kontena lake. Ni tozo mbili tofauti, kila moja ina siku zake za bure, nawe andika tarehe ya kuisha kwa zote mbili.

Kontena linapofika stoo, usikate lakiri (kifunga chenye namba kilichoko mlangoni) kabla ya kulinganisha namba yake na iliyoandikwa kwenye hati ya shehena. Piga picha lakiri ikiwa bado imefungwa, namba ikisomeka na mlango wote ukionekana. Bila picha hiyo ni vigumu kuithibitishia bima kwamba upungufu ulitokea njiani.

Onyo kubwa: wezi hupenda wakati wa vurugu. Ukipokea barua pepe kutoka kwa muuzaji wako ikisema akaunti ya benki imebadilika “kwa sababu ya hali ilivyo”, usilipe. Mpigie kwa sauti kwenye namba uliyokuwa nayo siku zote, wala usitumie iliyo ndani ya barua hiyo.

## Hatua ya 6: Andaa duka lifanye kazi bila intaneti

Weka nakala tatu za taarifa zako: moja kwenye kompyuta ya kazi, moja kwenye diski ya dukani, na moja kwenye diski inayokaa nyumbani, mbali na duka. Nakili kila Jumamosi jioni. Zifunge diski kwa nywila, kwani majina na simu za wateja wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu kama nakala. Mara moja kwa miezi mitatu, fungua diski kwenye kompyuta nyingine na utafute bili ya mteja mmoja wa mwezi uliopita.

Kwa fedha, menyu ya namba za nyota, kama *150*00#, hutumia mtandao wa simu na haihitaji kifurushi cha intaneti, ndiyo maana simu ya vitufe iko kwenye orodha ya vifaa. Usiweke salio lote kwa kampuni moja, na nunua umeme wa LUKU kabla haujabaki wa siku moja.

Kwenye daftari la kaunta chora safu za tarehe, mteja, simu, bidhaa, idadi, kiasi, namna ya malipo na sahihi. Ukurasa wa kwanza uwe na namba za simu za wakala wa forodha, kampuni za malori, bima, benki na muuzaji. Nyuma yake andika utaratibu wa kutoa taarifa TRA mashine ya EFD, yaani ya kutolea risiti za kodi, inaposhindwa kufanya kazi.

## Hatua ya 7: Panga safari yenye nafasi

Ondoka Dodoma siku moja kabla ya siku ya ndege, hata kama treni inafika Dar es Salaam mapema asubuhi. Nunua safari zote za angani kwa tiketi moja, kwa sababu ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni inawajibika kukufikisha. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya pili inapotea na huna wa kumdai.

Chapisha viza, tiketi, cheti cha homa ya manjano na anwani ya kiwanda. Hakikisha laini yako inapokea ujumbe mfupi ukiwa nje, maana benki inatuma namba za uthibitisho humo. Muachie mtu wa fedha mamlaka ya maandishi ya kulipa ushuru na tozo za bandari ukiwa haupo.

## Hatua ya 8: Andika siku ya kuhama

Njia ya pili inaweza kuwa nzuri na bado ikashindwa kwa sababu mwenye duka alisubiri. Kila siku huonekana kwamba kesho mambo yatafunguka, hadi malori yote ya njia ya Arusha yamekwishakodiwa na wengine. Uamuzi ufanywe leo, akili ikiwa imetulia, na uandikwe kwa namba: barabara ya Morogoro ikifungwa zaidi ya saa 48 na stoo ina sili za chini ya siku 20, tunakodi lori la kupitia Kondoa. Meli ikitangaza kuchelewa zaidi ya siku 14, tunanunua pampu 30 kwa muuzaji wa jumla Kariakoo hata kama faida inapungua. Intaneti ikikosekana kwa saa mbili, daftari linafunguliwa.

Kando ya kila sharti weka jina la mwenye kuamua na la anayemkaimu. Bila mkaimu, mpango unakufa mwenye duka akiwa angani.

## Hatua ya 9: Jaribu mpango wote

Chagua Jumatano ya kawaida. Saa nne asubuhi zima intaneti yote ya duka, bila kuwaambia wafanyakazi mapema zaidi ya dakika hiyo. Endesheni kazi hadi saa nane mchana. Wakati huohuo mpe mtu wa stoo karatasi isemayo: barabara imekatika Gairo, kontena liko Dar es Salaam, tafuta lori kupitia Iringa. Apige simu za kweli na apate bei za kweli, ila asikodi.

Jaribio limefaulu ikiwa mauzo yote ya muda huo yako daftarini na fedha zinalingana. Ikiwa bei mbili za lori na jina la dereva vimepatikana kabla ya saa nane. Ikiwa bili ya mteja mmoja imefunguliwa kutoka kwenye diski ya nyumbani. Na ikiwa hakuna aliyehitaji kukuuliza wewe namba ya simu ya mtu yeyote.

Namba ya simu ikikutwa haipatikani, irekebishe daftarini palepale. Jaribio lirudiwe mara mbili kwa mwaka, moja likiwa Novemba kabla ya mvua, na kila unapobadilisha muuzaji, wakala au mtoa huduma wa intaneti, rudi kwenye hatua ya pili uchore upya miduara yake.